Wito wa Langoni

Apollinaire hakuwa mtu wa kuvua kofia. Kwa hiyo aliposimama mlangoni mwa saluni siku ile, kofia yake ya ulinzi ameishika kwa mikono miwili, Lyse Nahimana alijua kabla hajaambiwa kwamba kuna msiba. Vidole vyake vikasimama katikati ya msuko.

"Dada Lyse," Apollinaire alisema, "Baba amekufa."

"Baba yupi?"

"Baba Ngidi. Ilikuwa wiki iliyopita. Wamekwisha kumzika."

Mama Immaculée, mwenye saluni, alizima mashine ya kukaushia nywele. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akainua macho kwenye kioo, akamwona msusi wake amejishika kifuani. Uso wenyewe hakuuona wote, maana Lyse alikuwa amefunga kitambaa cha kuziba pua na mdomo, kile cha hospitali. Wateja walidhani ni kwa sababu ya dawa za nywele. Mama Immaculée peke yake ndiye aliyejua kwamba hata siku ambazo hawakutumia dawa yoyote, kitambaa hicho hakikutoka.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2014. Saluni ilikuwa chini ya jengo refu la Albert Park, mjini Durban, jengo ambalo ukipanda ngazi zake unasikia Kiswahili cha Uvira ghorofa ya kwanza, Kirundi ghorofa ya pili, Kilingala na Kifaransa kwa zile zinazofuata. Lyse aliishi ghorofa ya tisa na mumewe Arnaud, aliyetengeneza simu katika kiduka cha mjini, na watoto wao wawili, Blaise na Ketsia. Alikuwa na diploma ya usimamizi wa ofisi. Iliwekwa kabatini ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo. Ofisi alizopeleka maombi zilitazama karatasi yake ya ukimbizi kwanza, na zikishaitazama hazikuendelea kusoma.

Diploma ile aliipata katika chuo kilichoko juu mlimani, Berea, na chuoni huko ndiko alikokutana na Baba Ngidi.

Alikuwa mwalimu wa bendi, Mzulu mfupi mwenye tumbo dogo gumu na viatu vilivyong'aa siku zote. Lyse alipojiunga na chuo hakuwa na nia ya muziki. Alikuwa msichana aliyefika Durban na mama yake wakitokea Bujumbura, wamepita nchi mbili kwa malori, na alichotaka ni cheti na kazi. Lakini siku moja alipita karibu na chumba cha bendi akasimama kusikiliza. Baba Ngidi alimwona dirishani, akamwita ndani na kumpa tarumbeta. Wenzake waliochukua wiki nzima kutoa sauti moja walibaki wameduwaa, maana Lyse aliitoa siku hiyo hiyo, nyembamba na safi. "Huyu Mungu amemshona midomo vizuri," mwalimu alisema. Mwaka wa pili alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza, kiongozi wa safu hiyo.

Mwezi wa tano mwaka 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa majumbani, Baba Ngidi alifungua chumba cha bendi usiku akawaingiza wanafunzi wake wa kigeni na jamaa zao. Lyse na mama yake walilala kati ya ngoma. Apollinaire, Mkongo wa Baraka aliyepiga ngoma kubwa, alilala mlangoni. Mwalimu naye aliketi nje kwenye kiti cha mbao, koti limefungwa mpaka shingoni, na asubuhi alirudi kwao Lamontville kuoga kisha akaja kufundisha. Alifanya hivyo mpaka mji ulipotulia. Hakuwahi kulitaja tena jambo hilo.

Kila mwaka, mwezi wa tisa, chuo kilifanya Siku ya Kurudi. Waliomaliza walirudi, wakala, wakasalimiana, wakatazamana nani amenenepa na nani ana gari. Wa bendi walirudi kwa kazi maalumu. Wazee na vijana walijipanga nje ya lango lililofungwa. Mmoja wa wapiga tarumbeta wa kwanza wa zamani alipiga wito, muziki mfupi aliotunga Baba Ngidi mwenyewe, na ulipokwisha mlinzi alifungua lango na bendi yote ikaingia kwa gwaride mpaka uwanjani. Miaka mitatu mfululizo baada ya kumaliza chuo, Lyse ndiye aliyepiga wito huo. Kisha akazaliwa Ketsia, na Lyse hakuonekana tena.

Kilichompata kilianza asubuhi moja, mtoto akiwa na juma moja. Aliamka, akasukutua mdomo, maji yakamwagika upande wa kushoto bila yeye kutaka. Alipojitazama kioo aliona nusu ya uso wake imelala. Jicho la kushoto halikufumba, na shavu lilining'inia kama nguo iliyolowa. Daktari alimwambia ni mshipa wa fahamu wa uso, kwamba huwapata baadhi ya wajawazito na waliojifungua, na kwamba wengi hupona. Kanisani wanawake walisema ametupiwa kitu. Dawa alikunywa, maombi akaombewa, na baada ya miezi uso ulirudi, lakini si wote. Jicho lilifumba. Shavu lilipanda. Kona ya kushoto ya mdomo haikupona. Akicheka, ilibaki pale pale. Akinywa chai, ilimbidi aibane kwa kidole ili isivuje.

Na kazi yake ilikuwa mbele ya vioo kuanzia asubuhi mpaka jioni.

"Bon, haya," Apollinaire alisema, akiigeuzageuza ile kofia. "Iko ujumbe kwako. Mama Ngidi ameomba, Siku ya Kurudi mwaka huu, wito upigwe na yule mtoto wa Burundi. Ni wewe. Walinipigia simu kutoka chuoni, wakaniuliza kama najua unakoishi. Nikasema nitakuletea mwenyewe."

Lyse alishusha kitambaa kidogo, akamwonyesha. Apollinaire alikuwa ameuona uso ule mara mbili tatu tu, kwa mbali, sokoni. Hakugeuza macho.

"Mimi sipigi tena, Apo. Waambie watafute mwingine."

"Nitawaambiaje?"

"Waambie nimehama."

Apollinaire alivaa kofia. "Mi siwezi kumwambia mjane hivyo," alisema kwa upole. "Kama ni kukataa, nenda mkaonane. Yeye ndiye aliyeomba."

Neno hilo lilimkaa Lyse rohoni siku nzima. Jumapili baada ya ibada alipiga moyo konde, akashuka sokoni Warwick kati ya wauza dawa za miti na wapagazi wa mikokoteni, akapanda teksi ya Lamontville. Njia nzima alipanga maneno ya kukataa. Atampa mjane pole, ataweka rambirambi alizobeba, atasema hawezi, ataondoka.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, na viti vya msibani vilikuwa bado vimepangwa kwenye veranda. Mama Ngidi aliketi kwenye mkeka sebuleni, amevaa nguo nyeusi tangu kichwani. Mabinti zake walikuwa jikoni. Lyse alipiga magoti kumsalimia, na hapo akakumbuka kitambaa usoni. Aliona haya kumpa mfiwa mkono huku amejifunika kama mtu anayeogopa kuambukizwa. Akakifungua.

Mjane alimtazama mdomoni.

"Nani amekupiga?" aliuliza kwa Kizulu.

"Hakuna, Mama. Ni ugonjwa. Ulinishika nilipojifungua."

"Ni lini?"

"Miaka miwili sasa."

Mama Ngidi alitikisa kichwa. "Marehemu alikuwa akikuulizia. Kila ikija Siku ya Kurudi anaporudi nyumbani ananiambia, yule mtoto wa Burundi hakuja. Mimi nikamwambia huyo ameshakwenda Kanada, kama wenzake. Akafurahi. Akasema, basi vizuri, huko kuna bendi nzuri."

Kutoka Albert Park kupanda Berea ni nauli ndogo tu, na mtu mwenye nguvu anatembea. Miaka miwili yote mzee yule alikuwa juu pale, anamfurahia mtu aliyeko Kanada, na yeye alikuwa kule chini mjini akisuka nywele.

"Alikufa akijua niko Kanada?"

"Alikufa akijua hivyo. Mimi ndiye niliyemdanganya bila kujua, usilie kwa hilo." Mjane akanyoosha nguo magotini. "Ni Apollinaire aliyeniambia upo, siku alipopiga simu kutoa pole. Ndipo nikaomba."

Lyse akajifuta macho. Maneno aliyoyapanga kwenye teksi yalikuwa bado yapo, akayaokota. "Mama, nimekuja kwa sababu ya hilo. Mdomo wangu..."

"Nimeuona," Mama Ngidi alisema. "Ngoja nikuambie kwanza, kisha na wewe useme lako. Mimi niko kwenye eda ya kwetu. Mwaka mzima siingii penye sherehe. Uwanjani sitafika, na hotuba zao sitazisikia. Mkwe wangu atanipeleka kwa gari, atasimama nje ya lango, nitasikiliza wito, kisha atanirudisha nyumbani. Hicho ndicho nitakachokisikia. Miaka arobaini na moja, ndoa yetu yote, alikuwa akiupiga kwa mluzi akinyoa ndevu. Sasa bafuni kimya. Haya, sema lako."

Lyse alimtazama, akatazama mkeka.

"Nilikuja kukupa pole, Mama," alisema.

Tarumbeta aliletewa na Apollinaire, limetoka ghala la chuo ndani ya mfuko wa mkaa uliooshwa. Lyse alilishika akiwa ameketi kitandani. Mikono haikuwa imesahau. Vidole vitatu vya kulia vilikwenda vyenyewe kwenye vibonyezo. Akavuta pumzi, akapuliza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya upepo na mate. Ketsia, aliyekuwa akicheza sakafuni, aliangua kilio.

Tarumbeta halitaki mapafu tu. Linataka midomo iliyobanwa pande zote mbili, kama mdomo wa gunia uliokazwa kamba, na kamba ya Lyse ilikuwa imekatika upande mmoja. Alijaribu tena kesho yake, na kesho yake, bafuni, dirisha limefungwa na taulo limetandazwa chini ya mlango. Jirani wa Kitanzania aligonga ukuta. Mwingine, mama wa Bukavu, alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Arnaud alivumilia mwanzoni, kisha akamfuata bafuni akamkuta ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, kidevu chote kimelowa.

"Mama Blaise, kwa nini unajitesa? Mama yule ni mtu mzima. Mweleze, ataelewa."

"Ataelewa," Lyse alisema. "Ndiyo maana siwezi kumweleza."

Arnaud alikwenda jikoni akachemsha chai, akamletea kikombe. Lyse alikipokea, akaibana kona ya mdomo kwa kidole cha kushoto kama alivyozoea, akanywa. Kisha akabaki hivyo hivyo, kikombe amekiweka chini na kidole bado kipo mdomoni. Akalichukua tarumbeta kwa mkono wa kulia peke yake. Lilikuwa zito mbele, likataka kuinama. Akaliinua, akaiweka kona ya mdomo kwa kidole, akapuliza.

Ikatoka sauti. Ilikuwa ya chini na inatetemeka, lakini ilikuwa sauti.

Arnaud alikiokota kikombe, akaketi sakafuni kusikiliza.

Hivyo ndivyo alivyojifunza upya mpaka siku yenyewe. Alijua kwamba kwa namna ile hawezi kupiga huku anatembea, maana tarumbeta lingeyumba. Lakini wito hupigwa mtu amesimama. Jambo alilokuwa akilikwepa kulifikiria lilikuwa moja tu: kwa miaka miwili aliuficha mdomo ule kwa kitambaa, na sasa angesimama mbele ya kila mtu aliyemjua ujanani akiwa ameunyooshea kidole.

Jumamosi ya Siku ya Kurudi, upepo ulivuma tangu alfajiri. Nje ya lango la chuo bendi ilikuwa inajipanga. Wazee wa bendi walivaa mashati meupe na tai za bluu, baadhi yao vifungo vinalia tumboni. Watu walikumbatiana, wakaulizana yale yanayoulizwa kila mwaka. Siku hizi uko wapi? Mmoja alikuwa benki. Mmoja alikuwa manispaa. Thandeka, aliyepiga tromboni safu moja na Lyse, alikuwa mwalimu huko Pinetown, na alipomwona alimrukia kwa furaha, kisha akaona uso, akasita.

"Lyse. Tulisema uko Kanada."

"Niko Albert Park. Nasuka nywele."

"Na uso..."

"Ni mshipa. Hauumi."

Thandeka alimshika mkono akaubana.

Apollinaire alikuwa nyuma, amefunga ngoma kubwa kifuani kwa mikanda. Siku hiyo hakumtania mtu. Gari dogo jeupe lilikuja polepole, likasimama ng'ambo ya barabara. Kioo cha nyuma kikashuka. Ndani kulionekana kilemba cheusi.

Mwalimu mpya wa bendi, kijana mpole ambaye Baba Ngidi ndiye aliyemfundisha, alitaja jina la marehemu, akaomba wote wasimame kimya kumkumbuka. Kisha akamtazama Lyse na kuinamisha kichwa.

Lyse alitoka mstarini akaenda kusimama peke yake mbele ya lango. Akageuka kuelekea barabara. Akaliinua tarumbeta kwa mkono wa kulia, akapeleka kidole cha kushoto kwenye kona ya mdomo. Akasikia mnong'ono ukipita kwenye safu. Akapuliza.

Ikatoka ile sauti ya upepo na mate.

Mtu fulani nyuma, pengine mgeni asiyejua kinachoendelea, alicheka. Mwingine akamkemea. Lyse alilishusha tarumbeta. Kidole kilikuwa kinateleza kwa jasho. Akakifuta kwenye sketi, akajikaza. Akaliinua tena.

Safari hii ilikuja. Sehemu ya kwanza ya wito ilitoka nyembamba, ya chini kuliko walivyoizoea, na ya pili ikaifuata. Katika sehemu ya tatu kuna nota ya juu ambayo ujanani aliifikia bila kufikiri. Aliiendea, haikutoka. Kulikuwa na pengo tu, upepo ukapita. Lyse hakurudi nyuma kuitafuta. Alisubiri muda ambao nota ile ingechukua, akaingia sehemu ya mwisho, akaipiga taratibu mpaka pumzi ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Wito wa langoni haupigiwi makofi. Ng'ambo ya barabara kile kilemba cheusi kilikuwa kimeinama, na hakikuinuka. Kioo kikapanda, gari likawashwa, likashuka mlima polepole.

Lango likafunguliwa.

Lyse alirudi kwenye safu yake, akaliweka tarumbeta kwapani kama askari aliyeambiwa asubiri. Ngoma ya Apollinaire ikapiga mara mbili, bendi ikaanza, wakaingia. Wenzake wa kulia na kushoto walipiga sehemu zao, na sehemu yake, ile ya mpiga tarumbeta wa kwanza, ilichukuliwa na wanafunzi wa sasa mbele. Yeye alitembea tu, mguu wa kushoto kwa pigo la ngoma. Waliosimama kandokando ya njia walimtazama, na aliwaacha wamtazame. Aliyemuuma hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa mzee mmoja ambaye angemtazama hivyo hivyo alivyo, labda angeuliza kidogo, kisha angemtafutia ngoma ndogo au matoazi akamwambia shika. Lyse angeweza kuja mwaka jana. Angeweza kuja mwaka juzi. Hilo hakuna wa kulirekebisha, na Lyse alilibeba mpaka uwanjani.

Hotuba zilikuwa ndefu. Walikula wali na nyama ya kuku kwenye sahani za karatasi. Mwalimu mpya alimwendea Lyse akamwambia kwamba siku za Jumatano wanafunzi wa matarumbeta wanakosa mtu wa kuwasimamia, na kama ana nafasi, hata saa moja, hata bila kupiga. Lyse alisema atamuuliza mwenye saluni, na alimaanisha hivyo.

Alasiri yeye na Apollinaire waliteremka kwa miguu kuelekea Warwick. Apollinaire alifungua shati shingoni. Mikanda ya ngoma ilikuwa imemwachia alama kandokando ya shingo. Alizungumza habari za joto, za kuku aliyekuwa na chumvi nyingi, za zamu yake ya kesho. Walipofika kwenye taa za magari za njia kubwa, robot kama waitavyo Durban, taa ilikuwa nyekundu, wakasimama.

"Mi sikumzika, unajua," Apollinaire alisema ghafla.

"Najua. Ulikuwa kazini."

"Niliomba ruhusa. Bosi akauliza, ni baba yako mzazi? Nikasema hapana." Akatazama magari. "Nikasema hapana, dada Lyse. Ningesema ndiyo, angenipa."

Mdomo wake ukaanza kucheza. Akainua mkono kujifunika macho, mabega yakatikisika, na kilio kikamtoka hapo kando ya barabara, kilio cha mtu mzima kisichojua pa kujificha. Taa ikageuka kijani. Watu wakawapita pande zote mbili na mizigo yao, mwanamke mmoja akageuka kutazama, akaendelea. Lyse alisogea akasimama upande ambao watu walikuwa wakitokea, ili wasimwone vizuri, akaweka mkono wake mgongoni mwa Apollinaire. Hakumwambia anyamaze.

Taa ikawa nyekundu tena, ikawa kijani. Wao walikuwa bado wamesimama.